Bahari ya Kapinga

Dada yangu alirudi kutoka visiwani akinukia nazi. Kolwezi hatuna minazi. Mafuta yetu ni mawese, na harufu ya kiangazi chetu ni vumbi jekundu, moshi wa makaa, na majani makavu yanayochomwa moto vilimani. Kwa hiyo krimu ile ya jua, aliyojipaka kila asubuhi ingawa alikuwa amekwisha kurudi na jua letu la mwezi wa nane halina hata nguvu ya kukausha nguo nzito, ilijaza chumba tulicholala wawili kama mgeni asiyejua kuaga. Iliingia katika mto wangu, katika sare yangu ya shule, hata katika mkate. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Kapinga kumi na mitatu, na sijawahi kuchukia harufu nzuri namna ile.

Niseme kwanza jinsi alivyokwenda. Dada mdogo wa baba yetu, tuliyemwita Tantine, alikuwa muuguzi na ameolewa Guadeloupe, kisiwa cha bahari ya Karibi. Alikuja Kolwezi kumzika babu, yule babu aliyeletwa kutoka Kasai ujanani mwake kufanya kazi ya mgodi, na kabla ya kuondoka aliwaambia wazazi wetu kwamba likizo ijayo angependa kumpokea mtoto mmoja. Mmoja tu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, mwaka hata mwaka. Kapinga alikuwa wa kumi na kitu, akipanda na kushuka. Nilingoja nitajwe. Baba akasema bila hata kuinua macho kutoka sahanini, "Mukubwa njo anatangulia," yaani mkubwa ndiye hutangulia, na mambo yakaishia hapo. Waswahili husema mkubwa ni jalala, kila takataka hutupwa kwake. Kwetu siku ile mkubwa alikuwa sahani, na nyama yote iliwekwa pale.

Alikaa huko wiki tano. Aliporudi, alileta miwani ya maji ya plastiki ya buluu, yenye mrija wa kupumulia, na alileta hadithi. Hadithi ilikuwa ya siku moja, siku ambayo Tantine na mumewe walimpeleka kutembea kwa mashua kandokando ya kisiwa, pamoja na watalii. Aliisimulia kwa wasichana wa jirani waliokuja kusukwa nywele, kwa watoto wa kwaya, kwa mama muuza maandazi. Aliisimulia akisimama, mikono ikipaa.

"Mashua ilikuwa nyeupe, kubwa. Kapiteni anatuonyesha: huku mapango, kule manyumba ya rangi, kule ndege zenye midomo sawa vile mufuko. Kisha anazimisha motere, anasema kila mutu avae miwani. Mi niliruka. Mu mayi munaona mpaka chini! Samaki zinapita huku na huku, zingine za manjano sawa vile mawese. Na kobe moja, mukubwa, ananiangalia tu."

Niliijua hadithi ile kwa moyo kuliko yeye mwenyewe. Nilijua mahali alipovuta pumzi, mahali alipotua ili wasikilizaji waseme "Ee Mungu!" Nikiosha vyombo uani nilikuwa nikimwona kobe. Katika ndoto zangu ni mimi niliyeruka, na Kapinga hakuwamo hata mashuani. Mama naye aliyekuwa akisafiri kwenda Kasaji kununua mahindi na karanga, aliibeba hadithi hadi huko. Akirudi alituambia kwa kicheko kwamba hata wachuuzi wa kituo cha treni wanamjua binti yake aliyeogelea baharini. Kuhusu binti yake mwingine, sikusikia kwamba walijua lolote.

Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi niliona ninazo nyingi, na nilizihesabu kila siku.

Asubuhi moja Kapinga alikwenda bombani kuchota maji, nikafungua bahasha aliyoificha chini ya godoro lake. Zilikuwa picha ambazo Tantine alizisafisha huko huko kisiwani. Mbili tatu mama alikwisha kuzibandika sebuleni: Kapinga ufukweni, Kapinga na Tantine wakila aiskrimu. Hizi zilikuwa nyingine. Katika ile ya mwisho, watalii wote wako majini, vichwa na mirija vinaelea kama vizibo. Mashuani amebaki mtu mmoja. Amevaa koti la kuelea la rangi ya chungwa juu ya gauni lake la Jumapili. Ameshika ukingo kwa mikono miwili, amefumba macho, na kinywa chake kimekunjika kama cha mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nywele zake kavu. Gauni kavu.

Sikuwahi kuona picha iliyonifurahisha kama ile. Niliitazama hadi niliposikia ndoo ikitua uani.

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningeweza kumcheka chumbani, sisi wawili, na mambo yangeisha kwa kuvutana nywele. Lakini wivu hautaki kushinda chumbani, unataka uwanja. Jumapili ile, baada ya mazoezi ya kwaya ya watoto, Mama Agnès aliyetuongoza kuimba alitangaza kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa tutakwenda Nzilo, kwenye ziwa lililofanywa na bwawa la umeme mtoni Lualaba. Watoto walipiga makofi. Nikainua mkono. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

"Mama Agnès, yaya atakuja na miwani yake. Atatuonyesha vile aliogelea mu bahari."

Makofi yakaongezeka maradufu. Kapinga aligeuka akanitazama. Nadhani wakati ule hakujua ninajua. Aliona mdogo wake anajivunia dada yake. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kanisani.

Wiki iliyofuata alipungua. Alikula nusu ya bukari yake, ugali wetu. Hakusimulia tena. Asubuhi ya safari alisema tumbo linamuuma, na mama akamchemshia chai ya tangawizi, akamfunga kitambaa kichwani na kumwambia, "Bote banakungoya, mwanangu. Utabaaibisha juu ya tumbo?" Wote wanakungoja. Nikamwona akiitia miwani ya buluu mfukoni mwa begi, polepole, kama mtu anayepakia jiwe. Nikamwona vizuri kabisa. Nikaenda kupanda lori na kutafuta nafasi nzuri ya kuimba.

Nzilo mwishoni mwa kiangazi ni mahali pazuri na pa baridi. Maji yametulia kati ya vilima vilivyochomwa moto, vyeusi na vyekundu, na upepo unaotoka juu yake unapenya sweta. Mvuvi mmoja, Tata Kasongo, mzee mfupi mwenye mabega mapana, alikubali kututembeza kwa mtumbwi wake, watano watano, kandokando ya ufuko. Alikuwa na raha ya kuonyesha: hapa palikuwa njia kabla ya maji kuja, pale ndege hutaga, kule nyavu za mashemeji zake, musiguse. Ninakumbuka niliwaza, katikati ya chuki yangu, kwamba nami hatimaye nimepanda chombo na kuonyeshwa pwani. Kwa dakika kadhaa nilikuwa na furaha bila kumwangalia Kapinga aliyeketi mbele yangu. Kisha mtumbwi ukarudi karibu na mawe ambapo wengine walikuwa wameketi wakila viazi vitamu, na wakaanza kuimba jina lake. Kapinga! Kapinga! Hata Mama Agnès alipiga makofi kwa mdundo.

Tata Kasongo alizuia mtumbwi kwa kasia. "Hapa kuko na shimo," alisema. "Mutoto anajua mayi?"

"Anajua," nilijibu mimi. "Aliogelea mu bahari."

Kapinga alivua sweta. Akavaa miwani, na nyuma ya plastiki ile macho yake yakawa makubwa. Akaninamia, akanong'ona wengine wasisikie:

"Ngalula, unataka niingie?"

Alikuwa akiniomba. Hata leo siwezi kujidanganya kwamba sikuelewa. Nikamjibu, "Bote banakungoya," maneno ya mama, neno kwa neno.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliketi ukingoni, akateleza, akazama. Mawimbi madogo yakatandaa kisha yakakusanyika. Watoto walishangilia. Mkono mmoja ukatokea, ukapiga maji, ukapotea, nao wakashangilia zaidi wakidhani ndivyo waogeleaji wa baharini wanavyofanya. Mrija wa buluu ukaibuka peke yake. Miongoni mwa watu wote waliokuwa Nzilo siku ile, ni mimi tu niliyejua tulichokuwa tukikitazama, na nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu. Labda pumzi tatu, labda nne. Lakini katika pumzi hizo nilisikia kitu kikinitulia moyoni, kama njaa inapopata tonge la kwanza, na ni hicho, kuliko jambo lolote nililotenda, ambacho nimeishi nacho.

Kisha nikapiga kelele. "Hajue kuogelea! Yaya hajue kuogelea!"

Tata Kasongo hakuuliza. Alijitupa na nguo zake, mtumbwi ukatikisika, nasi tukashikamana tukilia. Alipotokea alikuwa amemshika kwapani, na kichwa cha Kapinga kilining'inia kama cha kuku. Alimlaza juu ya mawe kifudifudi, akamsukuma mgongoni, maji yakatoka, kisha viazi, kisha kilio. Mama Agnès alivua kitenge chake cha juu akamfunika, naye mwenyewe akatetemeka. Tata Kasongo alikaa akihema, maji yakimdondoka ndevuni. Akaniita kwa kidole.

"We njo ulisema anajua?"

"Ndiyo, tata."

"Na ulijua hajue?"

Mzee akasimama, akaenda kutoa maji mtumbwini mwake. Afadhali angenipiga.

Nyumbani baba aliuliza imekuwaje. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Kapinga alisema, "Niliteleza, baba." Basi. Mama alilia, akasema mayi ya Nzilo haiko kama ya bahari, ya bahari ina chumvi, inabeba mutu. Na kwa namna hiyo heshima ya familia ikapata pa kuegemea.

Kesho yake tulifua pamoja uani, nguo za safari. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Yaya, niliona picha. Mbele ya kusema kwa Mama Agnès, nilikuwa nimeiona."

Alinizaba kofi kwa mkono wenye povu. Lilikuwa la kwanza maishani na lilikuwa la mwisho. Kisha akachukua shati la baba akaendelea kufikicha ukosi wake.

"Ungenisema hapa ku nyumba," alisema baadaye. "Hapa, sisi babili."

"Juu ya nini ulidanganya?"

"Sikuanza mi. Nilishuka mu bisi, mama alikuwa amekwisha kuambia batu: Kapinga aliogelea mu bahari. Bote banauliza, samaki iko namna gani? Niseme nini?" Akasuuza shati, akalikamua hadi mishipa ya mkono ikasimama. "Na weye uko wa kwanza kila mwaka. Mugeni akikuja, baba anamuonyesha pointi zako. Kila mugeni. Mi nilikuwa na ile tu, Ngalula. Ile tu."

Niliinamia beseni. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuketi meza moja na mimi, akala chakula kimoja na mimi, akanionea wivu. Nilidhani wivu wote wa nyumba ile ulikuwa wangu.

Watoto wa kwaya walimwita Kapinga wa Bahari hadi mvua zilipokolea. Nilitembea naye kwenda shule kila siku na kulisikia jina lile kila siku. Mara moja nilimrushia mtoto mmoja jiwe, lakini jiwe halirudishi neno nyuma. Mwaka ule nilikuwa wa tatu darasani. Baba alisikitika.

Leo mji wetu si ule. Malori ya madini yanapita usiku na mchana, vijana kutoka pembe zote za Kongo wamekuja kuchimba kobalti na shaba, na mitaa tuliyochezea imejaa lugha ambazo babu hakuzisikia. Hata Nzilo kumebadilika. Jumamosi kuna mashua za injini na muziki, watu hupigana picha, na kila anayepanda huvishwa koti la kuelea, akitaka asitake. Nadhani huo ni wema wa zama hizi.

Kapinga amekuwa muuguzi kama Tantine. Alipokuwa akisoma Lubumbashi alijiandikisha kwenye bwawa la kuogelea, pamoja na watoto wadogo wa miaka sita, akiwa mwanamke mzima, na akajifunza. Hakumwambia mtu hadi alipoweza kuvuka upande hadi upande. Mimi sijui kuogelea mpaka leo. Nimejaribu mara mbili. Maji yakinifika kifuani, pumzi zile tatu au nne hurudi, na miguu hukataa.

Kwa hiyo tunapokwenda Nzilo na watoto wetu, wa kwake na wa kwangu, ni yeye anayeingia nao majini. Mimi hubaki juu ya mawe nikilinda viatu na taulo. Nimekwisha kumwomba msamaha, na amekwisha kunipa, si mara moja. Jumamosi iliyopita binti yangu wa mwisho aliachia mkono wa dada yangu na kuelea peke yake kwa mara ya kwanza. Nilisimama. Nilikuwa tayari nimeinua mikono kumpigia makofi. Akafuta maji usoni, akageuka kutafuta jicho la kumtazama, na akapaza sauti hadi vilima vikaitika:

"Mama mukubwa! Mama mukubwa, uliniona?"

Nilikuwa nimemwona. Nikaketi, nikakunja taulo yake juu ya mapaja yangu.