Mjane Aliyekataa Neno

Jumanne nilimsindikiza jirani yangu, mshonaji kutoka Lubumbashi, kwenye ofisi moja hapa Braamfontein. Kwenye fomu yake karani alikuwa ameandika "spinster".

"Hiyo ni nini, papa?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba zamani Waingereza walimwita hivyo mwanamke anayesokota nyuzi, baadaye asiyeolewa, na siku hizi linakaribia kuwa tusi.

Akaweka kalamu mezani. "Nyuzi ninazo. Lakini bwana yangu nilimzika mimi mwenyewe. Sitii saini."

"Eish, mama, ni neno tu," karani akasema.

Foleni ikanung'unika. Jirani yangu akakunja mikono, akabaki kitini mpaka karani akachapisha fomu nyingine iliyosema mjane.

Wasomi husema neno huchukua karne kubadilika. Hili lilichukua nusu saa.