Wauza Vitenge Wote Wana Intaneti

Leo nacheka, lakini jana ofisini kwetu Nakasero nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimetuma dodoso la mtandaoni kwa wauza vitenge wa mtaa wa Namuwongo, nikiwauliza kama wana intaneti kwenye simu. Wote walijibu ndiyo! Mimi, mtaalamu mzima, nikawatangazia bosi na wageni wake kwamba mafunzo tunayowapa wauzaji hao sasa tutayaendesha mtandaoni. Kunogesha mambo, nikamsimamisha Mama Furaha, muuzaji Mkongo niliyemwomba awasambazie wenzake dodoso, athibitishe.

“Wenzangu wana simu za tochi tu, mwanangu,” akasema kwa upole. “Nilikuonea huruma, nikawajazia wote kwa simu yangu. Ukiwa na maswali mengine, lete tu.”