Siku Nalongo Alipoliomba Jiwe Langi

Najua utacheka. Cheka tu, hata mke wangu hucheka. Lakini nilikuwepo, macho makavu, sijaonja hata tone la waragi.

Ilikuwa Kasubi, miaka ile baada ya vita, watu walipoanza tena kufanya sherehe bila kuogopa. Mimi, Mkenya wa Kisumu, nilikuwa natia vitambaa rangi uani kwa Nalongo. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na huyu alikuwa mjane mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Siku hiyo hakucheka. Kesho yake wakwe wangekuja kumposa binti yake Babirye, na vitambaa vya wasichana wa kumsindikiza, tulivyovichemsha tangu asubuhi, vilitoka karaini vimefifia kama maji ya kuoshea vyombo. Zambarau yote ilikwenda wapi? Nalongo aliketi chini akalia. Kuaibika mbele ya wakwe ni jambo dogo? Nami nililia kidogo, sikufichi.

Jua likizama, akaingia mwanamke tusiyemjua akaomba maji. Kwa usemi wake alikuwa wa Kongo. Alipita juu ya majivu yaliyomwagika karibu na jiko, na majivu hayakubaki na alama ya mguu. Nikatazama tena. Hakuna! Nywele zikanisimama. Alipokwisha kunywa, akavua shingoni kidani cha jiwe la kijani lenye miduara, zuri ajabu, akamwekea Nalongo kiganjani.

"Hii jiwe inasikiaka, mama. Mwenye kuishika aombe kitu moja tu. Lakini inasikiaka kinywa, haisikiaki roho."

Nikapepesa macho, hayupo.

Sasa niambie, unawajua Waganda na hizo l na r zao? Nalongo, maskini, akalibana jiwe kifuani akapaza sauti:

"Banange, nipe langi! Langi nzuli, ya kudumu, isiyochujuka!"

Haki ya Mungu, mlango wa uani ukafunguka. Akasimama pale polisi mrefu, viatu vikichuruzika maji ya ziwa.

"Nani ameita mimi? Sasa hivi nilikuwa zamu, Port Bell!"

Nalongo akafuta machozi. "Wewe nani, ssebo?"

"Mimi Langi, mama. Natoka Lira."

Nilianguka chini kwa kicheko. Langi, mtu wa lile kabila la kaskazini! Jiwe liliombwa Langi, likaleta Langi. Kosa la nani?

Nalongo alipomweleza habari ya vitambaa, yule afande hakukasirika. Alilichukua jiwe mkononi, akawa kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mama, sema rangi."

"Langi."

"Hapana. Rrrangi!"

Sasa jiwe lilikuwa mkononi mwake yeye, na yeye alitamka sawasawa. Jiwe likapasuka, pa! Vitambaa vikawa zambarau ya kupendeza macho. Ukuta nao zambarau, kuku zambarau, masharubu ya afande zambarau, na kucha zangu vilevile. Ndipo Nalongo alipocheka. Alicheka hadi akamshika afande bega asianguke, na mkono akausahau palepale.

Babirye aliposwa kwa heshima zote. Mama yake naye hakukaa sana mjane. Mwaka haukwisha tukala pilau yake na afande. Kucha zangu ndizo hizi, tazama. Nimesugua kwa limau, kwa parafini, kwa kila sabuni ya soko la Nakasero, hazitoki.

Basi nakuonya, ndugu yangu: ukipewa jiwe la namna ile, tia ulimi adabu kwanza, tamka polepole, neno lisije likakuponyoka. Onyo hili nililitoa juzi nyumbani kwa Nalongo, mumewe akiwa kando yake. Nalongo akanipiga kofi la mgongo.

"Wewe Mkenya, acha kudanganya watu! Waambie wakosee tu."