Hereni za Shemeji na Krimu Yangu ya Chunusi

Leo mjukuu wangu kanivua nguo kwa swali moja tu.

Anapaka krimu ya salfa kwa ajili ya chunusi, ile yenye kunuka yai viza. Hereni zake za fedha zimegeuka nyeusi.

"Bibi, farmasi wanasema salfa inaharibu fedha. Ulijua?"

Wallahi sikujua!

Miaka ya themanini, hapa mtaani kwetu Nyamirambo, Yusufu, mchumba wa dada yangu, alimletea hereni za fedha za harusi. Mimi nilikuwa msichana wa chunusi, nimejipaka krimu kama hiyo. Nikazivaa kwa siri kutwa nzima, nikazirudisha zikiwa bado zinang'aa.

Siku ya harusi zikatolewa mbele ya wanawake wote.

Nyeusi kama sufuria!

Shangazi akasema, "Hii si fedha, ni bati."

Na aliyeanza kumwita Yusufu "Bwana Bati" ni nani? Mimi. Mpaka leo mtaa mzima unamwita hivyo.

Basi nimempigia simu kumwomba radhi. Akacheka.

"Shemeji, hereni zilikuwa zinanuka krimu yako. Nilijua siku ileile."

Alijua! Akanyamaza miaka yote hiyo, nisiaibike mimi.

Jamani, siku ya Idi nitaingia kwake na uso gani?