Jeneza Juu ya Chukudu

Mafuta ya mawese yaliyochanganywa na makaa ya kusaga yana harufu nzito, na harufu hiyo ilitufikia kabla ya ngoma. Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Majengo, mjini Goma, msimu wa mvua uliofuata kifo cha mama. Nilikuwa uani nafua, mikono imejaa povu. Harufu ikapita juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, zikafuata tarumbeta, kisha vigelegele vya watoto waliokimbia mbele ya msafara. Wacheza kachi walikuwa wakitangaza mapambano ya Jumapili. Kachi ndilo jina letu la mieleka ya jukwaani, ila ya kwetu ina dawa ndani yake. Mchezaji huja na misuli yake na kibuyu chake, na wapo wasiomgusa mpinzani kabisa. Humpulizia unga tu, naye akaanguka. Walipita kwa pikipiki, vifua vikimeremeta kwa yale mafuta, wengine wamejifunga majani ya migomba kiunoni. Nyuma kabisa vijana wanne walisukuma chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi na magunia ya makaa. Siku hiyo lilibeba jeneza la zambarau, na juu ya jeneza alikaa mtu mrefu mwenye uso mweupe wa chokaa. Jina lake la mchezo lilikuwa Kaburi Wazi. Hakucheka wala hakupunga mkono. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alikuwa amefariki zamani kidogo, safarini kwenda Butembo, na mama alichukuliwa na malaria iliyompanda kichwani. Tulibaki watatu: mimi Masika, mdogo wangu Muhindo aliyekuwa na miaka saba, na Kahindo, ambaye alikuwa bado analala na kidole mdomoni. Baada ya mazishi shangazi zangu walikaa wakapanga kutugawana kama vyombo, huyu Beni, huyu Butembo. Nilisema hapana. Nikaacha shule, nikaanza kufulia watu wa mtaa wa Himbi nguo zao, na kila jioni nilipofunga mlango nilihisi wasiwasi uleule, kwamba kesho mtu atakuja na sababu nzuri ya kumchukua mmoja wao.

Muhindo hakuwa amelia tangu mazishi. Watu walimsifu kwamba ni mwanamume. Mimi ilinitisha. Alipoliona lile jeneza juu ya chukudu, alikuja akanivuta kitenge, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ile sanduku ni ya mama."

"Nyamaza. Iko ya bacheza."

"Ni ya mama. Angalia bifuniko."

Nikaangalia, nikaviona. Fundi mbao wa mtaa wetu, mzee jirani aliyetengeneza jeneza la mama, alikuwa na mtindo wake. Mbao za mikaratusi zikiwa mbichi hulegeza misumari, kwa hiyo kabla ya kupiga kila msumari aliweka chini yake kifuniko cha chupa ya soda kilichobondwa bapa. Majeneza yake yote yalizungukwa na vifuniko hivyo, na yote aliyapaka zambarau, kwa kuwa ndiyo rangi aliyokuwa nayo. Wacheza kachi nao walikuwa wateja wake. Nilimweleza Muhindo hayo polepole. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniambia alichokuwa ameambiwa na wenzake: kwamba Kaburi Wazi humuua mtu jukwaani, humlaza ndani ya sanduku, na akimmwagia maji ya kibuyu mtu anaamka.

"Kesho nitamuomba aende kwa mama," akasema. Akaingia ndani akakikunja vizuri kitenge cha mama, ili mama akirudi apate cha kuvaa.

Msomaji wa mbali ataona hapo huzuni tu ya mtoto. Sisi tulioishi Majengo tulijua kuna jambo jingine. Mtaa wa chini yetu alikuwepo msichana ambaye babake alikufa ghafla, na yeye hakulia. Aliongea peke yake, alikojoa kitandani, na wiki haikuisha watu wakasema ni mulozi, yaani mchawi, amemla baba yake. Alianza kulala nje, chini ya dirisha la kwao. Kisha siku moja hakuwepo, na hakuna aliyeuliza. Mama mwenye nyumba yetu alikuwa ameshanisimamisha mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya huruma, "Uyu mutoto, usiku analota nini?" Nilijibu kwamba anaota mpira. Sasa mtoto huyuhuyu, yatima asiyelia, alitaka kusimama mbele ya umati amwombe mtu wa dawa amfufue mama yake. Nilijua angeitwa nini kabla hajamaliza kusema.

Ningeweza kumfungia ndani. Lakini mlango wetu ulikuwa wa bati na Muhindo alikuwa mwembamba, angepenya tu, basi nikaona heri niende naye. Fundi, ambaye ndiye aliyejenga pia jukwaa, aliruhusiwa kuingia na watu wake, akatupa nafasi karibu na kamba, akidhani anatufurahisha. Kahindo nikamwacha kwa jirani. Nilikwenda nimemshika Muhindo kifundo cha mkono, si kiganja, maana kiganja cha mtoto huteleza.

Uwanja ulikuwa kiwanja cha jengo lisilokwisha, ukuta wa mawe pande tatu, na jukwaa la mbao juu ya mapipa, likiwa limefunikwa turubai la bluu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, turubai likawa linateleza. Nimeona kachi nyingi tangu siku ile, nami nadhani naweza kuyapima mapambano yale kwa haki. La kwanza lilikuwa la vijana wawili ambao bado waliogopa kuumizana. Mmoja alimwomba mwenzake samahani kwa sauti, watu wakacheka sana. La pili lilikuwa bora kuliko yote. Mwanamke mnene aliyejiita Mama Radi alipigana na mwanamume mmoja mwembamba mwenye mbio, na ingawa turubai lilikuwa limelowa walirushana bila kuteleza hata mara moja, kila mmoja akimpokea mwenzake kwa namna ambayo leo najua inaitwa ufundi. Wanawake wa uwanjani walisimama. "Mupige na kwa niaba yangu!" mmoja alipaza sauti, mumewe akiwa pale pale. La tatu lilikuwa la mtu wa kinyago aliyechoka mapema, na sina la kusema zaidi. Muhindo hakutazama hata moja. Macho yake yalikuwa kwenye lile jeneza, lililowekwa pembeni juu ya viti viwili, kama la mama lilivyowekwa sebuleni.

Kisha ngoma zikashuka zikawa za polepole, na Kaburi Wazi akapanda. Mpinzani wake alikuwa Betoni, mwanamume mfupi mwenye shingo pana, mpendwa wa Majengo kwa sababu alipigana bila dawa, au alisema hivyo. Betoni alianza vizuri. Alimtupa yule mrefu chini, akamkalia, umati ukaanza kuhesabu. Ndipo Kaburi Wazi akafungua kiganja na kumpulizia unga usoni. Betoni akaganda. Alishika tumbo lake, akazunguka kama mlevi, povu likamtoka mdomoni, akaanguka kifudifudi kwa kishindo kilichotikisa mapipa. Mzee mmoja nyuma yangu alifanya ishara ya msalaba. Nilijua ni mchezo, nilikuwa nimejiambia hivyo njia nzima, lakini vijana wale wanne walipomwinua na mkono wake ukaning'inia vile mkono wa mama ulivyoning'inia, niliusahau mchezo. Wakamlaza ndani ya jeneza. Uwanja mzima ukanyamaza. Nami bila kujua nikakilegeza kile kifundo.

Muhindo alikuwa tayari chini ya kamba. Nilimwona akiwa juu ya turubai, mdogo mno, kitenge cha mama kimekunjwa kifuani. Hakupiga kelele, lakini katika kimya kile kila mtu alimsikia.

"Papa, ukimaliza uyu, twende na kwetu. Mama yetu iko mu sanduku kama hii."

Wachache walicheka, wakaacha. Kaburi Wazi alisimama na kibuyu mkononi, na chini ya chokaa nikamwona mtu ambaye hajui la kufanya. Sheria yao ni ngumu: mbele ya watu mcheza kachi hawezi kusema kwamba dawa ni uongo, sawa na padri asivyoweza kuicheka misa. Mwishowe akajibu, kwa sauti nzito ya mchezo, kama inayotoka kaburini, kwamba yeye huamsha tu mtu aliyemwangusha mwenyewe. "Mama yako sikumuangusha miye," akasema.

Nadhani alitaka kumsaidia. Lakini sauti ya mwanamke ikatoka upande wa ukuta, wazi kabisa. "Basi nani alimuangusha?" Na nyingine, "Angalia macho yake, hata halie." Na ya tatu ikalitaja lile neno. Nikasikia likipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, mulozi, mulozi, kwa upole, kama watu wanaopitishiana chumvi. Watu wa mbele walirudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua naiona mpaka leo. Nilipanda jukwaani, sikumbuki vipi, nikamkumbatia Muhindo kwa mikono yote, nikasema kwa nguvu kwamba mama aliuawa na malaria, kwamba nilikuwa naye hospitali, kwamba mimi ndiye niliyemfumba macho. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Hakuna aliyeonekana kuisikia.

Ndipo maiti akaketi.

Betoni aliketi ndani ya jeneza kabla ya maji ya kibuyu, kabla ya ngoma, povu la sabuni likiwa bado kidevuni. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mutoto," akasema, "sikukufa. Nilikuwa nalala tu umu ndani, na joto yote hii. Uyu hajuwe kuamusha mutu. Hata pombe ikinilaza, bibi yangu, mama ya batoto bangu, ndiye ananiamusha, na maji ya baridi."

Kisha uwanja ukapasuka, watu wakiwaita waongo na kudai pesa zao. "Bongo! Muko baongo!" "Mutupe makuta yetu!" Wote waliokuwa wakimtazama Muhindo wakawageukia wacheza kachi kwa hasira ya watu waliokuwa wameamini kweli. Mawe yakaanza kuruka, na Goma haikosi mawe. Kaburi Wazi alimtukana Betoni kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa nyembamba, na hilo likawachekesha watu na kuwakasirisha zaidi. Betoni alijaribu kutoka, mguu ukakwama, akaanguka pamoja na jeneza. Fundi alilia, "Mbao yangu!" Mimi nilipita chini ya kamba na Muhindo mgongoni, tukakimbia mpaka barabarani, na hakuna hata mmoja aliyetuangalia.

Muhindo alianza kulia tulipofika karibu na nyumbani, kilio kikubwa cha kukosa pumzi, hadharani, mbele ya bomba la maji ambapo wanawake walikuwa wamepanga madumu yao. Sikumnyamazisha. Nilikaa naye juu ya jiwe, kitenge cha mama kikalowa machozi na kamasi, na mama mwenye nyumba akatoka akatazama, akasema, "Pole, mwanangu," akarudi ndani. Nilijua pale kwamba angalau mwezi huo tungelala salama. Jumatatu pale bombani walichambua mapambano kama walivyozoea, na hadithi nzima ilikuwa ya maiti aliyeamka mapema. Walimwigiza Betoni akifuta povu. Kuhusu mtoto aliyepanda jukwaani, mmoja alisema alikuwa mtoto wa mtaa wa Ndosho, nami sikumsahihisha.

Betoni hakupigana tena mjini kwetu. Maiti anayeamka kabla ya wakati hapati kundi la kumchukua. Nilisikia alikwenda Vitshumbi kwa wavuvi, wengine wakasema Rutshuru. Nilitaka kumshukuru, lakini sikujua jina lake la nyumbani, na ukimtafuta mtu kwa jina la Betoni watu wanacheka.

Leo mimi ni mshonaji, na kati ya nguo ninazoshona zimo kofia na mikanda ya wacheza kachi. Wanakuja kupima, tunaongea juu ya nani alianguka vizuri na nani alikosea. Mtu mwenye chokaa usoni hanitishi. Namwuliza upana wa kiuno. Muhindo anaendesha pikipiki, ana mke na binti, na anapochelewa barabara ya kaskazini sikai, nasimama mpaka nisikie pikipiki yake. Mji umepita katika mengi tangu wakati ule, na hofu zetu za siku hizi ni kubwa kuliko unga wa kibuyu, tena hazitangazwi kwa tarumbeta. Lakini ninapoulizwa ni lini niliogopa kuliko siku zote, jibu langu ni ile hatua moja ambayo watu wa mbele walirudi nyuma. Walikuwa watu wa kawaida, waliotuletea maharage siku ya msiba. Wengi wao bado nachota nao maji. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, nami hujibu yote wanayouliza. Ila binti wa Muhindo anapotaka kusimulia mbele yao alichoota usiku, namshika kifundo cha mkono, namwambia shangazi ataisikia ndoto hiyo nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.