Jino la Juu na Msalaba wa Bibi

Nilipokuwa mtoto, kwetu milimani juu ya Maore, jino la kwanza la mtoto halikuwa la mama yake. Lilikuwa la ukoo mzima. Mtoto akianza kutoa udenda na kung'ata titi, mama haruhusiwi kumchungulia kinywani. Anasubiri dada wa mume aje na kibuyu cha uji, amkalishe mtoto mapajani, amfungue mdomo mbele ya wanawake wengine, aseme jino limeanzia wapi. Likianzia chini, vigelegele, na uji unanywewa. Likianzia juu, wanawake wanaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na uji unamwagwa. Mtoto huyo ni kigego. Kigego, walisema, hula watu wa kwao, kila jino analoota kuna jamaa mmoja anaingia kaburini. Zamani walikuwa na mahali pa kuwapeleka watoto hao, juu kwenye mwamba, na mwamba wenyewe upo mpaka leo, nimeuona, hauna lolote, ni jiwe tu na mbuzi wanapanda.

Naandika upesi kwa sababu mwanangu Neema amelala na huwa halali sana, na kwa sababu juzi nilitia kidole kinywani mwake nikakuta ncha ngumu. Juu. Si chini, juu. Ana miezi saba. Mimi nimesoma mpaka sekondari, niliwahi kuchora jino katika mtihani na kuandika majina ya sehemu zake zote nikapata alama nzuri, na bado nilipoligusa niliuficha mkono ndani ya kanga kama mtu aliyeiba. Ndiyo maana nataka kumkumbuka mama yangu, na mdogo wangu Elieza, na ule ugomvi wa msalaba, kabla mama mkwe hajafika kutoka Kisiwani.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa Msabato, wa wale wa mwanzo pale kijijini. Mama alizaliwa Mroma, akabatizwa upya mtoni alipoolewa. Bibi, mama yake mama, alibaki na Uroma wake kule kwake ng'ambo ya bonde, na shingoni alivaa msalaba wa shaba uliolainika kwa kushikwashikwa hata ile sura ya Yesu ikabaki kivimbe tu. Walutheri wa Gonja walikuwa na msalaba wao juu ya kanisa, mkubwa, lakini hawakuubusu. Sisi kwetu haukuwepo popote, si ukutani, si kaburini. Tukichora mistari mchangani wakati wa kucheza ikapishana, tunafuta kwa mguu kabla baba hajaona. Kijiji kile kile, Yesu yule yule, na kwa ajili ya vijiti viwili watu wazima walinyimana zamu ya maji ya mfereji.

Jino la Elieza mama alilijua kwa kung'atwa. Alikuwa ananyonyesha, akashtuka, akamtoa mtoto kwenye titi, akakaa akimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanituma kwa Bibi. Hakunieleza kitu, alisema tu nikamwite, na nisipite kwa shangazi, dada yake baba.

Bibi alikuja mchana ule ule na fimbo yake, akihema. Akatia kidole kinywani mwa mtoto, akakitoa, akakifuta kwenye kaniki. Akafungua uzi shingoni mwake, akamvika Elieza msalaba, ukamfika kitovuni. Alimwambia mama asihofu tena, kwamba mtoto mwenye kitu kile shingoni hata shangazi hatathubutu kumgusa, hata waganga wao wanakiogopa.

Basi baba akarudi kutoka shambani, akauona.

Kwetu mwanamume habishani na mama mkwe wake ana kwa ana. Hata kumtazama usoni ni vibaya. Anakaa ubavu, anaangalia pengine, na maneno yanapitia kwa mtoto. Mtoto aliyekuwepo nilikuwa mimi.

“Nakiete,” baba alisema, akiliangalia jembe lake, “mwambie bibi yako katika nyumba hii hatuvai hirizi.”

Bibi alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikageuka nikamwambia, Bibi, baba anasema hatuvai hirizi.

“Mwambie baba yako hiyo si hirizi. Huyo ni Mkombozi.”

“Mwambie Mkombozi hakai shingoni. Na muulize, mwanawe angeuawa kwa panga, angelivaa panga hilo?”

Hapo nilisita. Bibi akaniambia nisihangaike, amesikia. Alikuwa amezika watoto wanne, bibi yangu huyo, na mama ndiye aliyebaki. Alishika shingo yake pale msalaba ulipokuwa.

“Mwambie ningelivaa,” alisema. “Ningelivaa kila siku, nisije nikamsahau aliyeuawa.”

Wakaendelea hivyo, mti, sanamu, amri ya pili, damu, mimi katikati nageuka huku na huku kama mtu anayefukuza kuku, mpaka nikachoka nikawauliza kwani hamsikiani? Mama akanifinya. Nadhani alitaka kucheka. Kisha baba akasema, “Nakiete, mvue mdogo wako kitu hicho,” na hapo ndipo mama alipoacha kukoroga makande.

Maana baba hakusema atamvua yeye. Alisema mimi. Tangu asubuhi mama alipomwambia habari ya jino, baba hakuwa amemkaribia Elieza. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja nje. Baba yangu, aliyeingia na shoka katika msitu wa matambiko wa ukoo wake, akakata mti walioukataza babu zake, akautengeneza viti, na viti hivyo ndivyo tulivyokalia! Mtu huyo alikuwa anaogopa kitu kidogo kuliko punje ya ulezi.

Mama akasimama. Hakupitisha maneno kwa mtoto.

“Baba Nakiete, unasema kijiti hakiwezi kumwokoa mtu. Haya, nimekubali. Sasa kijifupa kinamuuaje?”

Baba alianza kukwangua udongo kwenye jembe lake.

“Nijibu. Umeacha matambiko, umeacha pombe, umeacha nyama ya nguruwe, hili jino mbona hujaliacha?”

Bibi akaguna kama mtu aliyeshinda kesi. Mama akamgeukia na yeye.

“Na wewe, Mama. Msalaba huu umemvika umkinge na nini? Na jino lake mwenyewe? Basi unaamini anayoyaamini wifi. Nyote wawili mnaamini yale yale, mnagombania dawa tu.”

Makande yakachemka mpaka yakashika chini, nakumbuka harufu yake. Bibi alisema kwa sauti ndogo, “Naogopa, mwanangu.” Mama akajibu kwamba na yeye anaogopa, anaogopa kuliko wao wote, lakini hatamficha mtoto nyuma ya kitu chochote, kiwe cha shaba au cha maombi. Akamvua Elieza ule msalaba. Hakuutupa. Aliuweka katika kiganja cha Bibi, akamfunga vidole kimoja kimoja.

“Uvae wewe,” alimwambia. “Wewe ulivaa kwa kupenda.”

Mimi mpaka leo sijui kama baba alikuwa sahihi kuhusu msalaba, au Bibi. Nimeolewa na Mlutheri, upo mmoja wa mbao juu ya mlango wetu hapa Same, siuchukii, siusujudii. Lakini siku ile nilielewa, kwa akili ya mtoto, kwamba watu wawili wanaweza kugombana juu ya ishara ya Mungu huku shetani wa wote wawili ni mmoja, amekaa kinywani mwa mtoto mchanga.

Kesho yake mama hakumsubiri shangazi. Alipika uji mwenyewe, akaujaza kibuyu mwenyewe, akambeba Elieza, akanishika mkono, tukaenda mchana kweupe mpaka kwa shangazi, kitu ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukifanya. Shangazi alikuwa uani na wanawake watatu wanachambua maharage. Walidhani tumekuja kusaidia. Mama akasalimia wote kwa adabu, akakaa, akamlaza mtoto mapajani, akamfungua mdomo.

“Wifi, nimekuletea jino. Limeanzia juu. Nimeliona mwenyewe na nimelishika.”

Shangazi aliweka ungo chini. “Umemchungulia mwenyewe? Tangu lini mama anachungulia mwenyewe?”

“Tangu nilipomzaa mwenyewe.”

Mwanamke mmoja alishikwa na kicheko, akakigeuza kikohozi. Shangazi hakucheka. Aliinama akamtazama Elieza shingoni, akampekua, akapekua na kiunoni. Habari ya Bibi ilikuwa imeshamfikia, milimani habari haihitaji barabara.

“Hata ile dawa ya mama yako hujamfunga,” alisema, na kweli alionekana kushangaa. Kwake msalaba ulikuwa fingo, kinga ya Wazungu, kali kuliko za kwao. Nadhani alikuwa tayari kuuheshimu. Angeukuta, pengine angetikisa kichwa na kwenda zake, na sisi tungeishi miaka yote tukiogopa uzi usikatike.

“Hajafungwa kitu,” mama alisema. “Mtazame vizuri.”

Wanawake walianza kuinuka. Mama akawaambia wakae, uji bado. Hawakukaa. Akainua kibuyu akanywa yeye, akachovya kidole akamlambisha mtoto, akanipa na mimi nikanywa, uji ukanimwagikia kifuani. Shangazi alimuuliza, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kama amefikiri mtoto huyu atamla nani kwanza.

“Aanze na mimi,” mama alisema. “Mimi ndiye nimemleta.”

Serikali ya Mwingereza ilikuwa imekwisha kukataza kuua vigego, kila mtu alijua, lakini bado ulikuwa unasikia mtoto wa fulani aliumwa tumbo siku moja tu, au alilaliwa na nguo nzito, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo mama aliyasema hayo pia, kwa majina yao, mbele yao. Kwamba Elieza akiumwa tumbo, atashuka kwa miguu mpaka Same kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na atakayetajwa wa kwanza ni wifi yake. Kisha akachukua kibuyu chake tukaondoka. Njiani alitapika. Alijifuta, akaniambia ni uji.

Na sasa niseme lile ambalo watu wa kwetu hulisema kila nikifika hapa. Kabla ya mavuno Bibi alikufa. Alishikwa na kifua katika ule ukungu wa Julai, siku tisa. Elieza alikuwa na meno manne. Si nilisema, shangazi alisema, na kijiji kizima kikasema pamoja naye, na mimi, niwe mkweli, na mimi nilikaa mbali na mdogo wangu siku mbili.

Maziko yalikuwa ya Kiroma, na msalaba mkubwa wa mbao umelazwa kando ya kaburi ukingoja kusimikwa. Mama alikuja na Elieza mgongoni, akapita mbele, na watu wakampisha kama maji yanavyopisha jiwe. Wazee wa kanisa letu walikuwa wamemwambia baba asisimame karibu na kitu kile. Alikuwa nyuma kabisa na kofia yake mkononi. Nikamwona anakuja, anakuja, mpaka mbele. Akanyoosha mikono mgongoni kwa mama akamchukua Elieza, akamweka begani, mara ya kwanza tangu lile jino, mbele ya wote waliokuwa wakinong'ona. Msalaba ulipoinuliwa hakuutazama. Hakuinamisha kichwa. Alilitazama shimo.

“Nakiete,” aliniambia, “mwambie bibi yako mtoto ninaye.”

Nikamwambia.

Baba hajabadilika. Mpaka leo atakuambia msalaba ni panga na mtu mwenye akili havai panga. Elieza ana miaka kumi na mitano, yuko shuleni, na kitu anachokula bila huruma ni viazi vya watu. Mama hajawahi kusema kwamba alishinda. Niliwahi kumuuliza kama ile siku kwa shangazi alikuwa na uhakika, akasema hapana, alikuwa na mtoto tu.

Mume wangu ni mtu mwema. Jana alinishauri, kwa upole, tuseme jino halijatoka. Mpaka yatoke ya chini, alisema, wiki mbili tatu, nani atajua? Au tumpeleke kwa mchungaji aombewe kimyakimya. Au kile kimsalaba alichopewa siku ya kipaimara, tumfungie Neema, ubaya uko wapi? Nilimwambia hakuna ubaya katika msalaba. Ubaya uko katika kile tunachotaka ukifunike. Akazima taa, na mimi usiku kucha nikawaza kwamba labda yeye ndiye mwenye busara, wiki mbili tu, nani atajua?

Mama mkwe anafika leo na lori la mchana. Atakuja na kibuyu, najua, badala ya wifi, na jirani zake wawili wa Kisiwani wa kushuhudia. Nimefagia. Nimepika uji mwenyewe, upo kwenye sufuria, umefunikwa. Nimemwogesha Neema nikamvalisha gauni lake lenye shingo pana, hana uzi, hana shanga. Nitasema shikamoo mama, nitapokea mizigo, nitawapa viti. Halafu nitamlaza mwanangu mapajani pangu mimi, si pa mtu mwingine.

Kinywa nitakifungua mimi.