Maua ya Manila Chini ya Ngazi

Petali za karatasi tulikuwa tunazikunja kwa spoku ya baiskeli. Unaikata petali kwenye manila, ile karatasi ngumu ya kadi, unailaza juu ya spoku, unaivuta kwa kidole gumba mpaka ukingo wake unajirudi nyuma kidogo, kama ua la kweli linapoanza kuchoka. Petali kubwa zinakaa chini, za kati juu yake, ndogo katikati zimebanana. Halafu chini ya ua zima unabandika kipande cha ndala kuukuu, kile cha sponji, umekikata kidogo kama jino, ili ua lisilale kwenye kadi bali lisimame. Hiyo ya ndala aliigundua mwenzangu. Naiandika hapa mapema isije ikahesabiwa yangu.

Tulikuwa wanawake wawili tu, mimi na yeye, tumekaa chini ya ngazi za duka la madaftari na kadi, Kariakoo ndani. Mwenye duka alikuwa mama wa Kichaga, mtu wa kufungua duka kabla ya majirani na kusema anachofikiri. Mwenzangu alikuwa mjane, alikuwa amepanga chumba Buguruni. Wazee wake walikuwa Waarabu wenye duka la vitambaa, lakini duka lenyewe lilikwisha kabla yeye hajazaliwa, akarithi pua tu. Huo ni utani wake mwenyewe, siyo wangu.

Mama wa duka naye hakumwacha kwa utani. "Mwarabu gani wewe huna hata kibanda cha tende?"

"Tumewaachia nyie Wachaga," mwenzangu anajibu bila kuinua macho. "Sisi tulikuwa tunalala usiku."

Siku zilipita hivyo. Mimi nakata, yeye anakunja, wote tunabandika. Tuliongea tangu asubuhi mpaka tunafunga. Nimejaribu kukumbuka tulikuwa tunaongea nini, nakumbuka kidogo sana. Sijui kama hilo ni kosa la kumbukumbu zangu au maneno yenyewe yalikuwa ya kupita tu.

Kadi za Idi na za Krismasi zilikuwa zimeshakufa. Watu wanatumiana kwenye simu, na siwalaumu, hata mimi nimewahi kutuma. Zilibaki za harusi, na hata hizo wengi walitaka za kuprinti, bapa, ua limechorwa. Mama wa duka aliona mashine ya kuprinti rangi kwa jirani yake, akaja akasimama mbele ya meza yetu na kikombe cha chai, anaipima nafasi kwa macho.

"Mimi siwafukuzi," alisema. "Ila nafasi ndiyo hii hii. Kuna harusi ya watu wa kanisani kwetu, wanataka kadi za maua, za mkono. Zifanyeni. Watu wakiziona wakaja kuulizia, mtakaa hapa chini ya ngazi mpaka mzeeke. Asipokuja mtu, naleta mashine. Nawaambia mapema msije mkasema nina roho mbaya."

"Roho yako haina shida," mwenzangu akasema. "Shida ni hizi ngazi, waliozijenga walibana."

Mama akacheka akaenda zake. Mimi sikucheka. Niliishia darasa la saba. Kabla ya pale nilifanya kazi za ndani, nikauza maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye vifuko, nikauza na nguo za mtumba ambazo hazikuuzika. Hakuna kitu nilichowahi kukifanya mtu akanyamaza akitazama, isipokuwa maua. Nikitolewa pale nilijua nitarudi kuwa mtu anayetumwa tu. Labda nilikuza mambo. Lakini ndivyo nilivyoona, na mwenzangu naye, kwa utani wake wote, aliacha kwenda nyumbani mapema.

Ilikuwa masika. Maji ya bonde la Jangwani yakifunga barabara nilizungukia Kigogo, nafika sketi imelowa mpaka magotini. Unyevu ule ulilainisha petali, zikawa zinainama kama zimesikia habari mbaya. Mwenzangu akazipanga nyuma ya friji ya soda, kwenye lile joto linalotoka, zikakauka vizuri. Kila kadi ilikuwa na waridi moja kubwa jeupe na vichipukizi viwili. Bahasha za kawaida hazikuweza kulimeza ua, kwa hiyo tukatengeneza za kwetu, zenye mbavu, kama kiboksi chembamba. Kila kadi tukaiweka ndani ya bahasha yake, kama duka lile lilivyofanya siku zote, maana mteja anapenda kupokea kitu kimefungashwa.

Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe kuangalia. Akatoa kadi moja kwenye bahasha, akapitisha kidole juu ya petali taratibu. Akasema hii moja haendi nayo kwenye kamati, anakwenda kuiweka kwenye kabati la sebuleni. Akaondoka ameibeba wazi kwenye kiganja. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Siku ile niliamini tumepona.

Yaliyofuata tulisimuliwa na katibu wa kamati ya harusi, baba mmoja mwenye mvi na shati la kunyooshwa. Huku kwetu kadi haziandikwi majina dukani. Kamati inakutana, inagawana kadi, kila mmoja anaandika majina juu ya bahasha kwa orodha ya waliochanga, kisha zinafungwa kwa rababendi kulingana na maeneo, za Kimara peke yake, za Mbagala peke yake, ili wa kupeleka asihangaike. Walikutana kwenye baa, meza zimejaa, wengine wakaandikia magotini. Kalamu ya wino mgumu inataka kukandamizwa. Wakaandika juu ya bahasha zile, juu ya waridi lile, kadi ikiwa ndani. Halafu rababendi.

Katibu alikuja dukani na mfuko, akaumimina mezani kwetu.

"Mama," akamwambia mwenye duka, "hizi kadi zenu zina kasoro. Wa kwanza kupelekewa ni baba mdogo wa bibi harusi. Kafungua mbele yangu, kaniuliza hili ua limekanyagwa na ng'ombe au ndiyo mtindo."

Mwenzangu alikuwa ameshafungua moja. Sponji ya ndala ilikuwa imelala upande, petali zimebonyea, na kwenye moja ncha ya kalamu ilipenya mpaka ndani, jina la mgeni limeandikika juu ya waridi.

"Baba, mliandika majina kadi zikiwa ndani?" aliuliza.

"Sasa zingekuwa wapi?"

"Mngezitoa kwanza."

"Dada yangu, nimekuwa katibu wa kamati za harusi tangu nina nywele nyeusi. Kadi zote zinaandikwa zikiwa ndani. Mlisema zitolewe?"

Hatukusema. Naye hakuuliza. Mama wa duka alizikabidhi zikiwa zimefungwa, kama anavyokabidhi siku zote. Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi nikitafuta mtu wa kumlaumu, na kila nikimshika mmoja namwona hana kosa zaidi ya mwingine. Yule baba alifanya kazi yake kama inavyofanywa. Sisi tulifanya yetu. Ua lilikuwa katikati.

Tulijaribu kuziinua. Mwenzangu akachemsha maji kwenye birika, tukazipitisha petali kwenye mvuke, tukazikunja upya kwa spoku moja moja. Zilisimama, lakini mstari wa kubonyea haukutoka. Karatasi ikishakunjika haisahau. Tukitazama kwa mbali tuliona kama afadhali. Tukitazama kwa karibu tuliziweka chini. Na harusi ilikuwa inakaribia, za kutengeneza upya zisingewahi.

Tukiwa kwenye mvuke, katibu amekaa anasubiri, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Mama wa bibi harusi alikuwa ameipiga picha ile kadi ya kwenye kabati na kuirusha kwenye kundi la kamati. Chini yake aliandika kwamba zile zingine waachane nazo, watume hii kwenye simu za watu, kuna kijana ataweka majina.

Katibu akatuonyesha. Nitasema kweli, lilikuwa ua zuri. Taa ya sebuleni ilikuwa imelipiga kwa pembeni, kila petali ina kivuli chake. Mwenzangu akaishika simu kwa mikono miwili.

"Hata mimi ningeenda hiyo harusi," alisema.

Kadi ikaenda kwa wageni wote kwa njia ile. Mama wa duka akatutumia na sisi, maana tulialikwa. Nilipata ua langu kwenye simu, dogo kama kucha, na jina langu limeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Wiki ile ile watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa dada mmoja anafanya kazi Posta, ana kitambulisho shingoni. Akanyoosha simu. "Wenye hii kadi ni nyinyi? Nimetumiwa na mtu. Nataka hii hii."

Mwenzangu alisimama haraka mpaka stuli ikaanguka. Akatoa manila nyeupe, ya maziwa, na ya waridi hafifu, akazitandaza. "Chagua rangi, mwanangu. Tutakutengenezea na bahasha ngumu, safari hii tutawaambia kabisa namna ya kuandika."

Yule dada akazitazama karatasi, akamtazama mwenzangu kwa heshima. "Hapana, mama. Siyo ya kushika. Nataka picha. Mnibadilishie majina tu."

Wakaja wengine baada yake, na wote walitaka hivyo hivyo. Mmoja aliuliza kama ua linaweza kufanywa la bluu kwenye simu. Hakuna aliyetudharau. Walisifu sana.

Jioni moja kabla ya kufunga, Mama wa duka alikuja na kikombe chake. Akaipima tena nafasi kwa macho. Mwenzangu ndiye alianza.

"Ulisema watu wakija kuulizia tunabaki. Wamekuja."

"Wamekuja kutaka picha," Mama alisema. "Picha zinataka kompyuta, na kompyuta inakuja na ile mashine."

"Hukusema wakija kutaka nini. Ulisema wakija."

"Nilimaanisha wakija kutaka kazi yenu."

"Hiyo kwenye simu ni kazi ya nani?"

Mama akakishusha kikombe. Akanigeukia mimi. "Wewe unasemaje? Wewe huwa husemi uongo. Nilisemaje siku ile?"

Wote wawili wakanitazama. Nilijua mwenzangu anasubiri neno moja tu, na kwamba Mama, kwa jinsi alivyouliza, angekubali nitakachosema. Nilifikiri. Nilikumbuka alivyosimama na chai, alivyosema, alichomaanisha. Kwa maneno, mwenzangu alikuwa sahihi. Kwa alichomaanisha, aliyekuwa sahihi ni Mama. Alikuwa na kodi ya fremu ya duka na watu nyumbani wanaomtegemea, na hakuwahi kutudanganya.

"Mama alimaanisha kadi za mkono," nikasema. "Ana haki."

Mwenzangu akachukua mkasi, akaanza kufagia vipande vya karatasi mezani kwa ubapa wake, taratibu, mpaka meza ikawa safi. Mama akasema pole, na nadhani aliimaanisha. Mashine ililetwa kwa mkokoteni wiki iliyofuata, ikachukua nafasi yetu.

Nimejiuliza kama ile ilikuwa haki au ni uoga uliovaa nguo ya haki. Sijui. Ningeulizwa tena leo, naogopa ningejibu vile vile.

Sasa nafua nguo za watu Magomeni. Mwenzangu anakaanga mihogo karibu na sokoni Buguruni. Nilikwenda kumtembelea siku moja, nikamkuta ana karai kubwa na kanga amejifunga kichwani.

"Karibu, mwenye haki," alisema. "Ile haki yako uliila na nini? Kachumbari?"

Nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke. Akanipa muhogo kwenye gazeti. Nikauliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Akauliza za kwangu, nikasema nzuri. Nikamwambia masika yameisha. Akasema ndiyo, yameisha. Akarudi kwenye karai, akageuza mihogo. Mikono yake ilikuwa na kazi, yangu haikuwa nayo, na sikujua tena namna ya kukaa karibu naye bila karatasi katikati yetu.

Wateja wakaja, wanawake watatu wanaongea kwa sauti. Nikasogea pembeni wapate nafasi. Akawahudumia, wakaja wengine, nikasogea tena. Nikaendelea kusogea hivyo mpaka nikaona nimefika nyuma ya kibanda cha jirani yake, na yeye hawezi kuniona. Nikaenda zangu bila kumwita kuaga. Alikuwa anamfungia mtu mihogo.